Kufunga Michakato kwenye Vichakataji: Tofauti za Violesura vya Mifumo Endeshi na Jinsi ya Kuzikabili

IKISIRI

Mifumo endeshi mingi ya kompyuta zenye vichakataji vingi ina njia ya kumruhusu mwandishi wa programu kueleza ni kichakataji kipi kiendeshe mchakato upi. Njia hizo hazilingani. Makala haya yanaainisha tofauti zilizopo, yanachambua juhudi mbili za kuzikabili, yaani maktaba za PLPA na hwloc, na yanaonyesha kwamba tofauti za majina huweza kuzibwa kwa urahisi ilhali tofauti za maana haziwezi. Kutokana na hali hiyo, makala yanatetea hoja kwamba kiolesura cha pamoja kinachofaa ni kile kinachomwarifu mtumiaji kwa uaminifu jambo lisilowezekana, hata kama kufanya hivyo kunapunguza urahisi wake.

1.0 UTANGULIZI

Katika kompyuta yenye kichakataji kimoja swali la mahali halikuwapo. Mchakato uliopata zamu yake uliendeshwa na kichakataji hicho hicho, na mzozo pekee ulikuwa juu ya wakati. Vichakataji vilipoongezeka, swali la "lini" lilipata mwenzake, yaani swali la "wapi". Kazi ya kujibu maswali hayo mawili hufanywa na sehemu ya mfumo endeshi ambayo katika makala haya itaitwa mratibu.

Mratibu hujitahidi kugawa kazi kwa usawa baina ya michakato yote. Hata hivyo, hajui kila jambo ambalo mwenye programu analijua. Hajui, kwa mfano, kwamba nyuzi mbili za programu fulani husoma data moja na hivyo hufaa zikae karibu, au kwamba mchakato fulani unapimwa kasi na haufai kuhamishwahamishwa. Kwa sababu hiyo mifumo endeshi humpa mwenye programu nafasi ya kuingilia uamuzi wa mratibu.

Tatizo ni kwamba nafasi hiyo haikuwahi kusanifishwa. Kiwango cha POSIX kuhusu nyuzi, kilichopitishwa mwaka 1995, kinatambua kwamba kila uzi una eneo la vichakataji ambamo unaweza kupangiwa kazi, lakini uamuzi juu ya eneo hilo kinamwachia kila mtengenezaji wa mfumo. Mwamba ngoma huvutia kwake: Solaris, AIX, HP-UX, Windows, Linux, FreeBSD na Mac OS X kila mmoja ulitunga mwito wake, wenye jina lake na kanuni zake. Hata miito inayofanana na ya POSIX, kama pthread_setaffinity_np, hubeba mwishoni herufi np, ambazo ni alama ya kukiri kwamba mwito huo hautegemewi kuhamishika kutoka mfumo mmoja hadi mwingine.

Kwa mwanaistilahi hali hii si ngeni. Dhana moja yenye majina mengi ni usumbufu, lakini usumbufu huo huondolewa kwa jedwali la visawe. Jina moja lenye dhana nyingi ni hatari zaidi, kwa kuwa wazungumzaji wawili huweza kudhani wameelewana kumbe sivyo. Violesura vinavyojadiliwa hapa vina matatizo yote mawili, na hoja ya makala haya inategemea kuyatenganisha.

2.0 DHANA ZA MSINGI

2.1 Sababu za Kufunga

Sababu kuu ya kutaka mchakato ukae mahali pamoja ni kumbukumbu. Kila kichakataji hutunza nakala za data iliyotumiwa karibuni katika hazina ndogo yenye kasi iitwayo kashe. Mchakato ukihamishwa, huiacha kashe iliyokwisha kujazwa na kuanza kujaza nyingine upya. Isitoshe, katika kompyuta kubwa kumbukumbu yenyewe imegawanywa katika mafungu, na kila fungu liko karibu na baadhi ya vichakataji na mbali na vingine. Katika Linux, kwa kawaida ukurasa wa kumbukumbu huwekwa kwenye fungu lililo karibu na kichakataji kilichougusa kwanza. Mchakato ukigusa data yake ukiwa upande mmoja, kisha ukahamishiwa upande wa pili, utaendelea kuvuka njia ndefu kila unapohitaji data ambayo haimo katika kashe yake.

Sababu ya pili ni upimaji. Mtafiti anayelinganisha kasi ya njia mbili za kukokotoa anahitaji kujua kwamba tofauti aliyoiona imetokana na njia hizo, wala haikutokana na mratibu aliyehamisha mchakato katikati ya kipimo. Kwa mtafiti huyo, kudhani kwamba mchakato umefungwa wakati haukufungwa ni kosa zito kuliko kutoufunga kabisa, kwa kuwa matokeo yake yatatangazwa kwa uhakika yasiostahili.

2.2 Kufunga, Kuelekeza na Kutenga

Katika maandishi ya kitaalamu, vitendo vitatu tofauti mara nyingi huwekwa chini ya dhana moja ya jumla ya unasaba kati ya mchakato na kichakataji. Kiswahili kina vitenzi vinavyofaa kuvitenganisha, na makala haya yatavitumia kwa maana maalumu.

Kufunga ni kumkataza mratibu kuendesha mchakato nje ya vichakataji vilivyotajwa. Vikiwa na shughuli, mchakato utasubiri hata kama vichakataji vingine havina kazi. Kuelekeza ni kumpa mratibu ushauri ambao anaweza kuufuata au kuuacha. Kutenga ni kuwazuia wengine: vichakataji fulani huwekwa akiba kwa ajili ya michakato iliyotajwa, na michakato mingine hairuhusiwi kuvitumia.

Ni dhahiri kwamba vitendo hivi havibadilishani nafasi. Aliyefungwa chumbani hana hakika ya kuwa peke yake humo. Kadhalika aliyeelekezwa chumba anaweza asionekane humo kabisa.

3.0 TOFAUTI ZA VIOLESURA

3.1 Kinachofungwa

Tofauti ya kwanza inahusu mtendwa. Katika Solaris, mwito wa processor_bind hutaka aina ya kitambulisho kitajwe: mwitaji husema wazi kama anafunga uzi mmoja au mchakato mzima pamoja na nyuzi zake zote. AIX nayo, katika mwito wa bindprocessor, hutenganisha mchakato na uzi. Windows ina miito miwili, SetProcessAffinityMask na SetThreadAffinityMask, na vichakataji vya uzi sharti viwe ndani ya vile vya mchakato wake.

Linux inatoa mfano wa jina linalopotosha. Mwito wa sched_setaffinity hupokea hoja iitwayo pid, jina ambalo kwa mazoea humaanisha kitambulisho cha mchakato. Kwa kweli mwito huo huathiri uzi mmoja tu. Mwandishi anayepitisha namba ya mchakato wake atakuwa ameufunga uzi mkuu peke yake. Nyuzi zilizokwisha kuanzishwa zitabaki huru, na zile tu zitakazoanzishwa baadaye na uzi uliofungwa ndizo zitakazorithi mpaka huo. Hakuna kosa litakaloripotiwa, kwa kuwa kwa mtazamo wa kerneli ombi limetimizwa kikamilifu.

3.2 Kimoja au Seti

Tofauti ya pili inahusu mahali. Mwito wa bindprocessor katika AIX, na processor_bind katika umbo lake la asili, hupokea namba ya kichakataji kimoja. Linux, FreeBSD na Windows hupokea seti, inayowakilishwa kwa ramani ya biti ambamo kila biti ni kichakataji kimoja. Programu inayotaka "kichakataji chochote kati ya hivi vinne" inaeleweka katika mifumo ya kundi la pili, lakini haina tafsiri ya moja kwa moja katika miito ya kundi la kwanza.

Hata seti zenyewe hutofautiana kwa upana. Ramani ya Windows ina ukubwa wa neno moja la mashine, yaani biti 32 au 64. Kompyuta zilipozidi vichakataji 64, Windows 7 na Windows Server 2008 R2 za mwaka 2009 zilileta makundi ya vichakataji, kila kundi likiwa na vichakataji visivyozidi 64, pamoja na miito mipya ya kuyashughulikia. Katika Linux, aina ya data iliyozoeleka, cpu_set_t, ina nafasi 1024, na kompyuta kubwa zaidi hulazimu ramani itengewe kumbukumbu kwa ukubwa unaohitajika.

3.3 Nguvu ya Ombi

Tofauti ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Linux hufunga. HP-UX, kwa mwito wa mpctl, ilitoa njia mbili zilizotenganishwa kwa majina: moja ya ushauri, ambapo kanuni za mratibu zilipewa kipaumbele, na nyingine ya lazima. Seti za vichakataji za Solaris, zinazotumiwa kwa mwito wa pset_bind, hutenga. Mac OS X toka toleo la 10.5 la mwaka 2007 huelekeza tu: nyuzi hupewa alama, na nyuzi zenye alama moja hupendekezwa zishiriki kashe. Apple ilieleza katika nyaraka zake kwamba mfumo huo hautoi kiolesura cha kutambua vichakataji wala cha kufunga uzi kwenye kichakataji mahsusi.

3.4 Majibu na Namba

Kuna pia tofauti zinazoonekana ndogo lakini hunasa wengi. Katika Linux, sched_setaffinity hurudisha 0 kuonyesha mafanikio. Katika Windows, SetThreadAffinityMask hurudisha ramani iliyokuwapo awali, na 0 huonyesha kushindwa. Mwandishi anayehamisha ukaguzi wa jibu bila kuubadili atashangilia kushindwa na kulalamikia mafanikio.

Namba za vichakataji nazo hazina maana moja. Ichukuliwe kompyuta yenye viini 4, kila kiini kikiwa na uwezo wa kuendesha nyuzi 2, hivyo mfumo endeshi ukaona vichakataji 8, kuanzia 0 hadi 7. Katika mpangilio mmoja, 0 na 4 ni wa kiini kimoja. Katika mwingine, 0 na 1 ndio wa kiini kimoja. Programu inayofunga michakato yake minne kwenye 0, 1, 2 na 3 itatumia viini vyote vinne katika mpangilio wa kwanza. Katika mpangilio wa pili itabana michakato minne kwenye viini viwili, na viini viwili vitakaa bure. Msimbo ni ule ule na kila mwito umefaulu, lakini matokeo yamegeuka.

4.0 JINA MOJA, MAUMBO MATATU: LINUX NA PLPA

Mtu angetarajia kwamba ndani ya mfumo mmoja tatizo hili lisiwepo. Historia ya Linux inaonyesha vinginevyo. Miito ya kufunga iliingia katika kerneli ya toleo la 2.5.8, mwaka 2002. Maktaba ya C ya GNU, ambayo ndiyo programu nyingi huipitia kuifikia kerneli, iliipokea katika toleo la 2.3 ikiwa na hoja tatu: kitambulisho, ukubwa wa ramani, na ramani yenyewe. Katika toleo la 2.3.3 hoja ya ukubwa iliondolewa. Katika toleo la 2.3.4 ilirudishwa, safari hii ikiwa ya aina nyingine ya namba.

Kwa hiyo sched_setaffinity lilikuwa jina moja lenye maumbo matatu. Msimbo ulioandikwa kwa hoja tatu ulikataliwa na kompaila palipokuwa na umbo la hoja mbili, na kinyume chake. Waandishi wa programu za kisayansi, ambazo husafirishwa kama msimbo na kukusanywa upya kwenye kompyuta za vyuo na maabara mbalimbali, hawakuweza kujua mapema ni umbo lipi watakalolikuta.

Mradi wa Open MPI ulijibu kwa kutunga PLPA, maktaba ndogo ya kufunga michakato katika Linux bila kujali umbo lililopo. Njia yake inastahili kuelezwa. Maktaba hiyo iliiruka maktaba ya C na kuiita kerneli moja kwa moja. Kwa kuwa haikujua kerneli inatarajia ramani yenye ukubwa gani, iliipima: ilipitisha ukubwa wa kubahatisha pamoja na anwani tupu kwa makusudi, kisha ikasoma aina ya kosa. Kerneli ikilalamikia ukubwa, ilifahamika kwamba ukubwa haukufaa. Ikilalamikia anwani, ilifahamika kwamba ukubwa ulikuwa umekubaliwa, na kwamba mwito wenyewe upo na unafanya kazi.

PLPA ilifanikiwa kwa sababu tatizo lililoikabili lilikuwa la umbo. Maumbo yote matatu yalikusudia kitendo kimoja ndani ya kerneli, na hivyo palikuwa na maana moja ya kuielekea.

5.0 MAANA NYINGI: HWLOC

Kuvuka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine kulihitaji zaidi ya hilo. Maktaba ya hwloc ilitokana na kuunganishwa kwa kazi ya watafiti wa INRIA mjini Bordeaux, Ufaransa, na ile ya PLPA. Toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2010, na PLPA ikastaafishwa. Mambo matatu katika muundo wake yanahusu mjadala huu.

Kwanza, hwloc huanza kwa kuchora ramani ya kompyuta kabla ya kufunga chochote. Hujenga mti: kompyuta, mafungu ya kumbukumbu, kashe, viini, na mwishoni vichakataji vinavyoonekana kwa mfumo endeshi. Kila kitu katika mti hupewa namba ya kimantiki inayofuata mpangilio wa mti, mbali na namba iliyotolewa na mfumo endeshi. Mwandishi huweza kusema "kiini cha tatu", na maktaba ikatafuta namba halisi. Tatizo la kompyuta ya vichakataji 8 lililoelezwa hapo juu huondoka.

Pili, mwitaji hutakiwa kutamka maana anayoikusudia. Kuna alama ya mchakato mzima na alama ya uzi wa sasa. Alama ya mchakato inapotumika katika Linux, maktaba husoma orodha ya nyuzi za mchakato na kufunga mmoja baada ya mwingine, na orodha ikibadilika wakati wa kazi hiyo huirudia. Kuna pia alama ya ukali, inayotaka kufunga kwa maana kamili. Aidha, kwa kuwa katika baadhi ya mifumo kufunga mchakato huambatana na kufunga kumbukumbu yake, ipo alama ya kukataa athari hiyo.

Tatu, na hili ndilo muhimu kuliko yote, maktaba hukubali kushindwa. Mfumo usiokuwa na kitendo kilichoombwa hufanya hwloc irudishe kosa la ENOSYS. Kitendo kikiwapo lakini seti iliyotajwa ikawa haiwezi kutekelezwa, hurudishwa kosa la EXDEV. Kadhalika programu inaweza kuuliza mapema ni vitendo vipi vinavyowezekana mahali ilipo. Watunzi wangeweza kuchagua njia nyepesi ya kugeuza kila ombi kuwa ushauri na kurudisha mafanikio daima. Programu nyingi zisingeona tofauti yoyote, lakini mtafiti apimaye kasi angekuwa amedanganywa.

6.0 KANUNI ZINAZOJITOKEZA

Kutokana na uchambuzi huu, kanuni nne zinaweza kutolewa kwa anayetunga au anayetumia kiolesura cha pamoja.

(a) Maana itenganishwe kabla ya majina kuunganishwa. Kiolesura kitakachoweka kufunga, kuelekeza na kutenga chini ya mwito mmoja bila alama ya kuvitofautisha kitakuwa kimehamisha utata kutoka katika mifumo endeshi na kuuficha ndani ya maktaba.

(b) Nafasi iulizwe kabla ya kudaiwa. Katika kompyuta zinazotumiwa na wengi, mchakato huanza ukiwa tayari umewekewa mipaka na msimamizi wa kazi. Programu inayoanza kuhesabu kutoka kichakataji 0 bila kuuliza huenda ikadai mahali isiporuhusiwa.

(c) Matokeo yasomwe baada ya ombi. Linux, ikipewa seti ambayo sehemu yake tu imeruhusiwa, hutumia sehemu hiyo na kurudisha mafanikio. Hukataa pale tu ambapo hakuna hata kichakataji kimoja kilichoruhusiwa. Jibu la "imefaulu" kwa hiyo si ushahidi kwamba kilichoombwa ndicho kilichopatikana.

(d) Kushindwa kuachwe mikononi mwa mwenye programu. Programu ya kawaida inaweza kuendelea bila kufungwa, kwa kuwa itapoteza kasi tu. Programu ya upimaji haina budi kusimama, au angalau kuandika katika matokeo yake kwamba michakato haikufungwa. Maktaba haijui inatumiwa na ipi kati ya hizo mbili, na haistahili kuamua kwa niaba yake.

Kanuni hizi zina gharama. Msimbo unaozifuata ni mrefu, na mtumiaji hulazimika kufikiri juu ya mambo ambayo angependa kuyasahau. Wapo wanaoweza kudai kwamba kiolesura kinachomlazimisha mtumiaji kufikiri hivyo kimeshindwa kazi yake. Dai hilo lina uzito pale ambapo tofauti zilizopo ni za umbo tu, kama zilivyokuwa zile za PLPA. Halina uzito pale ambapo mfumo mmoja unaahidi na mwingine unashauri, kwa sababu hapo hakuna maana ya pamoja inayoweza kusimama nyuma ya jina la pamoja.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yameeleza jinsi mifumo endeshi inavyotofautiana katika kufunga michakato kwenye vichakataji: katika mtendwa, mahali, nguvu ya ombi, jibu na namba. Imeonekana kwamba tofauti za umbo zilizibwa na PLPA bila kubakiza kitu, lakini tofauti za maana zilihitaji hwloc kuongeza alama za kutamka kusudi na makosa ya kukiri kushindwa. Mtafsiri akutanaye na neno lisilo na kisawe katika lugha lengwa ana njia kadhaa za kuchagua, lakini kuweka neno lililo karibu na kunyamaza si mojawapo ya zile njema. Mtunzi wa kiolesura yuko katika nafasi hiyo hiyo, na msomaji wake, ambaye ni programu, hana uwezo wa kushuku.